Kumuunda Mvamizi wa Viking kwenye Gemu: Anza na Maji Kabla ya Shoka

Watengenezaji wengi wa gemu wakitaka Viking huanza na misuli. Wanachonga jitu lenye ndevu, kifua wazi, kofia ya pembe na shoka kubwa, halafu ndipo wanakaa kutafuta kazi ya kumpa. Kazi inayopatikana ni ileile siku zote: kukatakata watu hadi skrini ijae damu.

Hapa tunakwenda kinyumenyume. Tunaanza na kazi, na kazi ndiyo itakayotuambia mwili uweje, silaha iwe ipi na mchezaji abonyeze nini. Kazi ya mvamizi ilikuwa wizi wa pwani: kushuka chomboni, kuchukua, na kurudi chomboni kabla wenye silaha hawajafika. Anayebaki nchi kavu kupigana kwa fahari ameshashindwa, hata akiua kumi.

Nitatumia Blender kuchonga na Godot kuendesha gemu, kwa sababu zote ni za bure na kompyuta ya kawaida inazimudu. Ukitumia Unity au Unreal, mantiki ni hiyohiyo, majina ya vitufe tu ndiyo yanabadilika.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na ufukwe

Zama za Waviking zilichukua takriban karne tatu, na mtu wa mwanzoni hafanani na wa mwishoni. Raider wa For Honor, gemu iliyotoka mwaka 2017, anabeba shoka refu la mikono miwili. Mashoka ya namna hiyo yalishamiri kuanzia mwishoni mwa karne ya 10; ukimpa mtu wa karne ya 8 umempa silaha ya vitukuu vyake. For Honor ni ulimwengu wa kubuni ambamo Waviking wanapambana na samurai, kwa hiyo wamesamehewa. Wewe ukishaandika mwaka kwenye skrini, wachezaji watakudai.

Pia usichanganye uvamizi na vita vya kuteka nchi. Jeshi kubwa lililotua East Anglia mwaka 865 lilikaa Uingereza miaka, likateka York, likapiga kambi ya baridi Torksey mwaka 872 hadi 873 na Repton mwaka uliofuata. Gemu ya Assassin's Creed Valhalla ya 2020 inamweka mhusika wake mkuu, Eivor, katika miaka hiyohiyo ya 870, na ndiyo maana ina kijiji cha kujenga. Mhusika wa aina hiyo ni mhamiaji mwenye silaha. Ana muda. Mvamizi hana muda, na gemu yetu inahitaji mtu asiye na muda.

Napendekeza Lindisfarne, tarehe 8 Juni 793. Ni kisiwa kidogo kando ya pwani ya Northumbria, kaskazini-mashariki mwa Uingereza ya leo. Monasteri yake ilikuwa na kaburi la Mtakatifu Cuthbert, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakipeleka zawadi pale. Mali ipo, walinzi hakuna. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu atalielewa upesi: maji yakijaa, Lindisfarne ni kisiwa, yakipwa, mchanga unajitokeza na mtu anavuka kwa miguu kutoka bara. Gemu nzima imelala hapo.

Hatua ya 2: Fanya maji yawe saa ya gemu

Fungua Godot, tandaza uso wa maji ulio bapa, na uunde namba moja tu inayoitwa kimo_cha_maji. Ianze juu, kisha ishuke sentimita 15 kila dakika. Bahari ya kweli huchukua kama saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, lakini mchezaji hana saa sita. Kila kitu kingine kwenye ramani kisome namba hiyo: chombo, njia ya bara, askari, hata sauti ya mawimbi.

Sasa angalia kinachotokea maji yanaposhuka. Njia ya mchangani inafunguka, kwa hiyo wapanda farasi wa bara wanaweza kuvuka. Wakati huohuo chombo kinaanza kugusa mchanga, na kisipoondolewa kitapwelewa. Jambo moja linaleta hatari mbili, na huhitaji kuandika adui mwenye akili nyingi.

Kwa chombo cha makasia sita kila upande, weka kina cha sentimita 60, yaani kinahitaji maji ya kina hicho ili kielee. Mwache mchezaji achague pa kukisimamisha. Akikileta karibu, kwenye maji ya sentimita 90, mzigo atautupa ndani kwa urahisi, lakini ana dakika mbili tu kabla hakijakaa mchangani. Akikiacha kwenye maji ya mita moja na nusu, ana dakika sita, ila itabidi apite na mali maji yakiwa kifuani. Njia ya bara ifunguke maji yakishuka sentimita 75, yaani dakika ya tano, na farasi wa kwanza wafike dakika ya saba. Wenzake wanaweza kuacha kuiba na kuja kukisukuma chombo nje kidogo. Hiyo nayo ina gharama, maana anayesukuma habebi.

Usiweke saa pembeni mwa skrini. Mchezaji akitaka kujua muda, ageuke atazame bahari. Msaidie kwa alama: mwani uliolowa kwenye jiwe, gati lenye rangi mbili, ndege wanaotua mchangani pale maji yalipoondoka.

Chombo chenyewe kichonge kwa heshima, kwa sababu ndicho mhusika wa pili. Rejea nzuri ni meli ya Gokstad iliyofukuliwa Norway mwaka 1880. Ina urefu wa zaidi ya mita 23, makasia 16 kila upande, na ilizikwa na ngao 64 zilizopakwa nyeusi na njano kwa kupishana. Ni ya karibu mwaka 890, yaani baadaye kuliko uvamizi wetu, lakini kanuni yake ya ujenzi inatufaa: mbao zinapandiana kingo na kupigiliwa misumari ya chuma, tofauti na mtepe wetu, ambao mbao zake zilikutanishwa ukingo kwa ukingo na kushonwa kwa kamba ya nazi. Kwenye Blender, chonga ubao mmoja, unakili, kisha ushushe kila nakala ili ufunikwe kidogo na ule wa juu yake. Usipake mistari ya mbao kwenye picha bapa. Kivuli cha kupandiana kwa mbao ndicho kinachomwambia jicho kwamba hiki ni chombo cha kaskazini.

Omo na tezi vifanane. Vyombo hivi vilichongoka pande zote mbili, hivyo wapiga makasia waliweza kuondoka ufukweni bila kukigeuza kwanza. Ondoa kabisa animesheni ya kugeuza chombo. Mchezaji akipanda, kinaondoka kinyumenyume papo hapo, na hapo ndipo atakapoelewa kwa nini watu hawa walikuwa wagumu kukamatwa.

Hatua ya 3: Mwili na nguo

Urefu wa mita 1.72 unatosha. Kumbuka mtu huyu amepiga kasia siku kadhaa: mpe mgongo mpana, mikono ya mbele minene, viganja vikubwa kidogo kuliko kawaida. Kifua cha mtu wa jimu kiache. Tumia Mirror ili uchonge nusu ya mwili tu, na usivuke pembetatu 10,000 kama unataka gemu iende kwenye simu.

Kofia ya pembe itupe. Zipo kofia za shaba zenye pembe zilizopatikana Veksø, Denmark, mwaka 1942, ila ni za karibu mwaka 900 kabla ya Kristo, takriban miaka 1,700 kabla ya Lindisfarne. Sura ya Viking mwenye pembe tuliyoizoea ilipata nguvu kutokana na mavazi ya jukwaani ya karne ya 19, hasa yale ambayo Carl Emil Doepler alibuni kwa ajili ya opera ya Richard Wagner kule Bayreuth mwaka 1876. Kofia ya chuma inayojulikana zaidi ya zama zenyewe ni ile ya Gjermundbu, Norway, iliyopatikana mwaka 1943: kibakuli cha chuma chenye kinga ya macho kama miwani. Ni ya karne ya 10, na vitu vya namna hiyo vilikuwa vya wenye uwezo. Kwenye kikosi cha watu 12, mpe nahodha peke yake kofia ya chuma. Wengine wavae kofia za sufu au wabaki na nywele zao.

Nywele zenyewe ziwe zimechanwa. Vitana vya pembe ya kulungu vimefukuliwa kila walikokaa watu hawa, na mwandishi mmoja wa Uingereza wa karne ya 13 alilalamika kwamba Wadenmark walichana nywele kila siku na kuoga kila Jumamosi, wakawavutia wake za watu. Kwa upande mwingine, Ahmad ibn Fadlan, mjumbe aliyetumwa kutoka Baghdad mwaka 921, aliwaona Warus, yaani Waviking wa mashariki, kando ya mto Volga akachukizwa na namna walivyonawa. Aliandika pia kwamba kila mwanamume alikuwa na shoka, upanga na kisu, na kwamba miili yao ilikuwa na michoro ya kijani iliyokolea kuanzia vidoleni hadi shingoni. Ukitaka chale na michoro, huyo ndiye shahidi wako, lakini aliona watu wa mashariki, zaidi ya karne moja baada ya mwaka wetu. Mimi ningeacha mwili bila michoro kwenye gemu hii.

Nguo ni sufu na kitani: kanzu fupi inayofika magotini, suruali, vitambaa vilivyozungushwa kwenye miguu kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Rangi zilitoka kwenye mimea, kwa hiyo nyekundu, buluu na njano zipo. Vazi lote la ngozi nyeusi lenye misumari, kama la mwendesha pikipiki, halina ushahidi. Joho libanwe kwa pini begani kulia ili mkono wa silaha uwe huru. Ukilibana katikati ya shingo, litaingia kwenye mkono kila anapopiga na utahangaika kulirekebisha.

Hatua ya 4: Ngao kwanza, silaha baadaye

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ngao ikikosewa, animesheni zote zitakosewa.

Ngao ya Viking ni duara la mbao jembamba. Kwenye Blender weka silinda yenye nusu kipenyo cha mita 0.43 na unene wa mita 0.008. Ndiyo, milimita nane. Ilitakiwa iwe nyepesi. Igawe mbao saba zilizosimama, kila moja upana wa sentimita 12 hivi, uache ufa mwembamba katikati yao. Toboa tundu katikati, kisha funika tundu kwa kibakuli cha chuma cha sentimita 15. Nyuma pitisha ufito mmoja wa mbao juu ya tundu. Huo ndio mshikio. Ukingoni zungusha ngozi mbichi iliyoshonwa.

Mshikio huo ukiwa katikati, ngumi inakaa ndani ya kibakuli cha chuma na ngao inazunguka kwa kifundo cha mkono. Haifungwi kwenye mkono kwa mikanda. Kwa hiyo kwenye Godot, iunganishe na mfupa wa kiganja kupitia BoneAttachment3D, usiiweke kwenye mfupa wa mkono wa mbele. Weka kitovu cha ngao pale ngumi inaposhika kabla ya kuhamisha faili kwa muundo wa glTF, na hakikisha umethibitisha ukubwa kwa Ctrl+A, la sivyo ngao itafika Godot ikiwa kubwa kuliko nyumba.

Matokeo yake kwenye uchezaji ni matamu. Ngao ya kushikwa katikati inaweza kusukuma, kugonga kwa ukingo na kulipotosha shoka la adui pembeni. Na kwa kuwa ni nyembamba, ipasuke. Itengeneze mbao saba kama vipande saba tofauti, kila pigo zito ling'oe kimoja, hadi mchezaji abaki na kibakuli na ufito mkononi. Hapo hatahitaji mstari wa kijani wa kumwonyesha afya yake.

Silaha ya kawaida ilikuwa mkuki. Ulitumia chuma kidogo na ulimweka adui mbali. Baada yake shoka la mkono mmoja, lenye ubapa mwembamba. Mashoka mazito yenye pande mbili waachie wachora vibonzo. Shoka lenye kidevu, yaani ubapa ulioteremka chini, lina kazi ya ziada ya kunasa ukingo wa ngao ya mtu na kuivuta, na hilo ni tendo zuri la kitufe cha pili. Upanga mpe nahodha. Kila mtu awe na kisu kirefu kiunoni, hata asipokitumia.

Hatua ya 5: Mwendo na uzito

Mvamizi mtupu akimbie mita 5 kwa sekunde. Akibeba, tumia kanuni hii:

kasi = 5 × (1 − mzigo ÷ 60)

Mzigo ni kilo, na usizidi 45. Maji yakifika magotini, zidisha kasi kwa 0.6, yakifika kiunoni, kwa 0.35. Akivuka kilo 20, ngao iende mgongoni yenyewe na mkono wa kushoto ushike mzigo.

Tuseme kutoka kanisani hadi chomboni ni mita 180. Mchezaji akibeba kilo 45 kwa mkupuo mmoja, anatembea mita 1.25 kwa sekunde na kutumia sekunde 144, tena bila ngao mkononi. Akigawa mara mbili, kilo 22.5 kila safari, pamoja na kurudi mtupu anatumia sekunde 151. Tofauti ni sekunde saba tu. Mchezaji mwenye tamaa atabeba kwa mkupuo mmoja na kunaswa njiani. Mwangalifu atakwenda mara mbili na huenda safari ya pili isitimie. Mizani ya namna hiyo, ambapo njia zote mbili zina mantiki, ndiyo unayoitafuta.

Vitu navyo viwe na uzito wake: kalisi (kikombe cha ibada) kilo 1, msalaba wa fedha kilo 4, sanduku la masalia ya mtakatifu kilo 20, kondoo hai kilo 30. Kitabu chenye jalada la vito kipe kilo 6, lakini mwache mchezaji aling'oe jalada kwa sekunde sita na kuziacha kurasa sakafuni. Atajisikia vibaya kidogo. Sawa tu.

Alama zihesabiwe kwa gramu za fedha. Watu hawa walipima fedha kwa mizani, na sarafu au bangili waliikata vipande ili uzito utimie. Hazina iliyopatikana Vale of York mwaka 2007, iliyofukiwa kwenye miaka ya 920, ina vipande vya namna hiyo, pamoja na dirhamu iliyopigwa Samarkand. Skrini ya mwisho iwe mizani: nahodha anaweka vitu, upande mmoja unashuka, na kalisi nzuri inakatwa mbele ya macho ya mchezaji ili kila mtu apate fungu lake.

Hatua ya 6: Wenzake

Mvamizi peke yake hawezi hata kusukuma chombo. Gemu za zamani zililijua hili: The Lost Vikings ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ina Waviking watatu, Erik anakimbia na kuruka, Baleog anapiga, Olaf anakinga kwa ngao, na hakuna anayefika mlangoni bila wengine. Valhalla nayo inamlazimu Eivor kumwita mwenzake ili wafungue milango na makasha mazito. Age of Empires II ilimpa Viking askari anayejiponya majeraha mwenyewe. Hilo ni raha kwenye vita vya mbali, ila kwetu litaua woga wote.

Wape wenzake amri tatu tu: beba, linda, sukuma chombo. Kila mmoja awe na jina na kasia lake. Asiporudi, kasia lake libaki wazi na chombo kiende polepole kwa kiasi hicho, tena kikivuta upande mmoja hadi mchezaji amhamishe mtu wa upande wa pili.

Hatua ya 7: Watu wa kisiwani

Wamonaki hawana silaha. Valhalla inakuonya ukiua raia, na ukiendelea inakurudisha nyuma. Ni njia rahisi ya kukwepa jambo zito. Mimi ningewaacha wakimbie, wapige kengele na wafiche vitu, kisha kila anayeuawa asilete alama yoyote: ni sekunde zilizopotea na kelele iliyoongezeka.

Utumwa ni suala gumu zaidi. Mateka walikuwa sehemu kubwa ya biashara hii, na baadaye Dublin ikawa soko kubwa la kuwauza. Kulifuta kabisa ni kumsafisha mvamizi. Kuligeuza mchezo wa kukusanya watu kwa alama sitakushauri, na msomaji wa pwani yetu hahitaji kuambiwa kwa nini. Njia yangu: nahodha ndiye anayewaleta mateka, wanakaa chomboni na kuchukua nafasi ya mzigo, na safari ya kurudi mchezaji anapiga kasia akiwatazama. Usiweke muziki hapo.

Hatua ya 8: Sauti

Haraka tu: makasia, pumzi, kengele ya kanisa, mbwa. Rekodi mwenyewe kwa simu ukiwa ufukweni kama unaweza, asubuhi kabla ya upepo. Muziki wa ngoma nzito umeshatumika mno kwa Waviking na unafunika sauti ya maji, ambayo mchezaji anaihitaji.

Hatua ya 9: Jaribu

Mpe gemu mtu asiyejua lolote kuhusu Lindisfarne, usimweleze kitu, kaa nyuma yake. Angalia anatazama bahari mara ngapi. Asipogeuka hata mara moja kabla ya chombo kupwelewa, alama zako za maji hazionekani: ongeza tofauti ya rangi kwenye gati, au mfanye mmoja wa wenzake apige kelele kutoka ufukweni. Akirudi chomboni mapema mno na mikono mitupu, punguza kasi ya maji hadi sentimita 12 kwa dakika. Na akisimama mchangani kuwasubiri wapanda farasi ili apigane nao, ongeza idadi yao.

Ukimaliza, badilisha pa kuanzia. Mwache mchezaji afike maji yakiwa yameanza kujaa badala ya kupwa: njia ya bara inazibika, chombo kinaelea kwa raha, ila mali aliyoirundika mchangani inaanza kusombwa. Ramani ni ileile, wahusika ni walewale, na unachobadilisha ni alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha mbele ya namba moja.